Nambozo Alitaka Jina Lake Mbele

Mbuzi wa ukurasa wa tatu hakuwepo. Odero alikipeleka kitabu dirishani akakikodolea macho: nyasi zipo, kamba ipo, mbuzi hayupo. Yeye mwenyewe ndiye aliyekichapa, katika kiwanda chake kidogo pale Nalufenya, Jinja, na nakala hii ya kwanza aliileta nyumbani kwa ajili ya binti yake aliyezaliwa wiki hiyohiyo. Akasema moyoni ni wino tu. Mchapaji akiogopa, husingizia wino.

Kilikuwa kitabu cha watoto, hadithi ya msichana anayechora wanyama ukutani kwa mkaa, nao hushuka kucheza naye. Hadithi na michoro vyote vilikuwa vya Nambozo, msichana wa Mbale aliyeishi upande wa viwandani, asiye na mume wala mtoto. Alikuja na bahasha katika mkono wa kushoto, mkono aliochorea, vidole vyeusi kwa mkaa, akasema jambo moja tu: "Bwana Odero, jina yangu ikae mbele. Kubwa."

Mwezi uliofuata malaria ikamchukua. Odero akaona maiti hasomi majalada. Akalifuta jina, akaweka la kwake. Alijiona mjanja, maskini.

Siku ya pili baada ya mbuzi kutoweka, mchana kweupe, sebule ilinuka mkaa na sakafuni palikuwa na alama nyeusi za kwato, zikitoka kwenye rafu ya kitabu hadi kitandani kwa mtoto. Hapo ndipo mtoto alipoanza kulia, akawa hanyamazi hata kwa ziwa la mama yake. Mama yake Odero, Dorothy, akavuka mpaka kutoka Busia ya Kenya. Kwa Wajaluo, kichanga kikilia hivyo kuna marehemu anayetaka jina lake, basi bibi alimpakata mjukuu akaanza kuwaita wafu wa ukoo mmoja mmoja.

"Ni wewe, Apiyo? Ni wewe, Awino?"

Kilio kilizidi. Dorothy akamgeukia mwanawe. "Huyu anayemtaka si wetu," alinong'ona. "Mwanangu, umemkosea nani?"

"Sijui, mama," Odero akajibu, naye alijua.

Siku zikaenda, na kila walipompeleka mtoto kliniki kule Mpumudde mzani ulisoma pungufu, na kila waliporudi Odero alifungua ukurasa wa mwisho, ambapo Nambozo alikuwa amemchora yule msichana na mkaa wake mbele ya ukuta mtupu, akakuta ukuta si mtupu tena, kwanza sikio dogo, kisha kidevu, kisha vidole vitano vilivyokunjwa, mstari juu ya mstari, mpaka Phanice mkewe alipochungulia begani mwake akashika mdomo.

"Baba," alisema, "mbona mtoto wetu yuko humo ndani?"

Odero alikimbilia Mbale kwa Yakub, kaka yake Nambozo, aliyejulikana kwa kusomea watu wenye majini. Akamweleza yote akilia. Yakub hakuanza hata kisomo chake.

"Jini ningetoa, bwana. Huyu ni dada yangu, sitamfukuza," alisema polepole. "Sisi Wamasaaba wa huku Mbale pia tunaita majina ya wafu kwa mtoto. Nambozo hakuzaa. Jina lake lilikuwa na mahali pamoja tu pa kukaa, na wewe ukalitoa. Mpe mtoto jina hilo. Na jaladani, lirudishe. Yote mawili, unasikia?"

"Nasikia, kaka."

Jioni ile Dorothy, alipotajiwa jina, aliuliza, "Ni wewe, Nambozo?" na mtoto akanyamaza papo hapo, akashika ziwa. Ukuta wa ukurasa wa mwisho ukawa mtupu. Mbuzi akarudi kwenye kamba yake. Phanice alilia kwa furaha.

Na jalada? Shule zilikuwa zimeshaanza kumwalika Odero, watoto wakimpigia makofi, walimu wakimwita mchoraji wetu. Kilio kimekwisha, alijiambia, ya nini kujivua nguo hadharani? Sikio la kufa halisikii dawa.

Miaka mitatu ikapita. Jumamosi moja mchana, Phanice akiwa dukani, Nambozo mdogo aliokota mkaa kwenye sigiri kwa mkono wa kushoto, akaanza kuchora ukutani. Hakuna aliyewahi kumfundisha. Odero akacheka kwa fahari, mpaka alipoona sikio lake mwenyewe pale ukutani, na kovu lake la kidevuni, na saa yake ya mkononi.

"Unachora nini, mama?"

Mtoto hakugeuka. Alichora vidole, na Odero akaona vyake havipo. Akataka kupiga kelele, lakini mdomo ulikuwa umeshachorwa, umefungwa.

Phanice aliingia na mkate, akasimama mbele ya ukuta. Odero alimwona vizuri kabisa, karibu kiasi cha kuhisi pumzi yake. Mezani kilikuwepo kile kitabu, na jaladani, kwa herufi kubwa, jina la Nambozo peke yake.

"Umechora vizuri, mwanangu," Phanice alisema akimwangalia mumewe machoni. "Huyu ni nani?"

Mtoto akajifuta mkaa kwenye gauni.

"Hana jina," akasema.