Chura Anayechimba kwa Pua

Mukhwana na mkewe Phelista wanalima mahindi karibu na Kiminini. Chini ya shamba lao kuna kinamasi chenye matete. Mwaka huo mahindi yalikuwa machache, na watoto wao, wa kwanza akiwa Nekoye, walikuwa watano. Mukhwana akaamua kukausha kinamasi ili apate mahali zaidi pa kupanda.

Siku ya tatu ya kuchimba mtaro, jembe lake lilifungua shimo kwenye tope. Ndani alikaa chura mnene mwenye pua iliyochongoka. Chini ya tumbo lake kulikuwa na mayai meupe. Hakukimbia.

"Phelista, kuja uone!"

Phelista aliinama. "Umemuumiza mguu, bana. Na bado analinda mayai yake."

Alimwita jirani yao Jerono, afisa wa mazingira. Jerono alipiga magoti matopeni.

"Baba Nekoye, chura huyu huchimba kwa pua," alisema. "Huku kwetu wamebaki wachache. Hutaga chini ya udongo. Mvua ikija, huwachimbia watoto njia mpaka majini. Ukikausha hapa, atawapeleka wapi?"

"Na mimi, wangu nitawalisha nini?" Mukhwana aliuliza kwa uchungu.

Jerono hakukasirika. "Hiyo ni haki yako kuuliza. Lakini kisima chenu kinapata maji wapi? Si ni hapa? Kinamasi kikikauka, kisima nacho kitakauka. Panda nduma, yaani magimbi, pembeni. Nduma inapenda maji, haitaki mtaro. Na usipige dawa huku. Ngozi ya chura inafyonza sumu."

Mukhwana alichota tope kwa mikono, akafunika shimo taratibu. Kesho yake alifukia mtaro wote.

Wiki mbili baadaye mvua kubwa ilinyesha. Asubuhi Phelista alimvuta mumewe mkono. Mfereji mwembamba ulitoka kwenye tope ukielekea majini. Yule mama chura alikuwa mbele, akiburuta mguu. Nyuma yake viluwiluwi vilijisukuma, vingi, vyeusi.

"Ati na huo mguu!" Mukhwana alisema. Macho yake yalilowa.

Miezi ilipopita walivuna nduma walizopanda pembeni, watoto wakashiba, na nyingine Phelista akauza sokoni Kitale. Januari visima vingi vilikauka, lakini chao kilikuwa na maji. Majirani walipouliza sababu, Mukhwana aliwapeleka kinamasini.

"Kanyageni polepole," aliwaambia. "Hapa chini kuna mama ya watoto."