Kichocheo Alichokielewa Fundi

Fundi Baiskeli alikuwa ameinama, anatafuta tundu la pancha. Simu ikaita. Mikono ilikuwa imejaa grisi, kwa hiyo akaibana simu kati ya sikio na bega.

Aliyepiga ni Bibi Shamba, mtaalamu wa kilimo wa eneo lao.

"Habari za kazi, Fundi? Mama Pacha hapatikani. Mwambie nimeliona lundo lake la mboji. Liko vizuri. Limebaki kichocheo tu. Jumamosi nita..."

Mteja akapiga kengele ya baiskeli kwa fujo.

"Sawa, sawa, nimeelewa!" Fundi akasema, akakata simu.

Alielewa nini? Msubiri mwenyewe aonyeshe.

Mboji ile haikuwa ya mchezo. Fundi na mkewe, Mama Pacha, walikuwa wakilima shamba la dada yake Fundi. Udongo ulikuwa umechoka. Mahindi yalitoka membamba, ya kutia huruma. Dada akasema wazi: "Nawapa msimu mmoja tu. Mkishindwa, nampa mtu mwingine."

Hawakuwa na shamba jingine. Basi Mama Pacha akaanza kurundika majani, maganda na samadi nyuma ya nyumba. Vikioza vizuri, vingekuwa mboji ya kurudishia udongo nguvu.

Siku ile Fundi alifunga kazi mapema. Alitaka kumfurahisha mkewe. Kichocheo, aliwaza, ni cha kuchochea. Na kinachochochewa ni nini, kama si moto?

Akamwaga mafuta ya taa, akawasha kiberiti. Majani makavu ya juu yakashika mara moja. Ya ndani yalikuwa na unyevu, yakagoma. Fundi hakukata tamaa. Aliyapekua, akayatandaza, akayachochea kwa fimbo mpaka nayo yakakubali. Alikuwa anapiga mluzi, tena kwa raha zake.

Mama Pacha akatokea na ndoo ya maji. Ndoo ikamponyoka.

"Baba Pacha! Unafanya nini?"

"Natia kichocheo."

"Unatia nini?"

"Kichocheo! Bibi Shamba kapiga simu. Kasema kimebaki hicho tu."

Mama Pacha hakupiga kelele. Alikaa chini palepale, kwenye maji yaliyomwagika. Miaka kumi na miwili ya ndoa, Fundi alikuwa hajawahi kumwona mkewe akikaa hivyo. Hapo ndipo alipoangalia vizuri alichofanya, akaitupa fimbo.

Jumamosi Bibi Shamba akaja na kiroba mgongoni. Alipoona majivu, alishika kichwa.

"Mungu wangu! Lundo liko wapi?"

"Niulize mimi, Bibi Shamba," Fundi akasema, macho chini. Akaeleza yote.

Bibi Shamba akafungua kiroba. "Kichocheo nilichosema ndicho hiki."

Fundi akachungulia. Akatoa macho. "Udongo? Udongo mwekundu huu huu wa kuchimba?"

"Huu huu. Wewe kutu unaijua?"

"Kutu ndiyo inayonilisha!"

"Basi wekundu huu ni ndugu yake kutu. Ni madini ya chuma."

Mama Pacha akauliza lililomkera siku nyingi. "Mwaka juzi tulitia samadi nyingi. Mwaka jana udongo ukawa uleule. Ilienda wapi?"

"Nyingi ilienda hewani, mama."

"Hewani? Bila moto?"

"Bila moto. Kila jani na kila ganda lina kitu kinaitwa kaboni. Vijidudu vya kwenye udongo huila, na wakipumua, sehemu kubwa hutoka kama hewa. Moto nao hufanya hivyo kwa siku moja."

Fundi akayatazama majivu yake. Kumbe alikuwa amekipeleka hewani chakula cha shamba zima!

"Sasa chuma kinafanyaje?" akauliza.

"Kazi mbili. Huishika kaboni, vijidudu wasiifikie kwa urahisi. Pia huharakisha vipande vidogo vya kaboni kuungana kuwa vikubwa, vigumu kuliwa. Chuma chenyewe hakipungui kwa kazi hiyo. Ndiyo maana tunakiita kichocheo."

"Kwa hiyo kaboni yote itabaki?" Mama Pacha akauliza.

"Si yote. Nyingine lazima iliwe, ndipo mimea ipate chakula. Lakini itakayobaki itakaa muda mrefu zaidi, na itashika maji."

Ilibaki miezi mitatu kabla ya kupanda. Fundi akapita nyumba kwa nyumba kwa baiskeli, anaomba maganda na majani. Majirani hawakumwacha. "Fundi, tukuletee na kiberiti?" Yeye akapakia tu.

Walipanga tabaka la majani makavu, la mabichi, la samadi. Kila ndoo kumi za taka, walinyunyiza ndoo moja ya udongo mwekundu uliopondwa. Walimwagia maji kiasi, wakafunika, wakageuza kila baada ya wiki mbili. Mabua ya shambani hawakuyachoma tena. Waliyaleta kwenye lundo.

Walipopanda, mboji ilikuwa tayari, nyeusi na laini.

Dada alikuja mahindi yakiwa yanabeba. Mvua ilikuwa haijanyesha wiki mbili. Mashamba ya jirani yalikuwa yamenyauka. Dada akapiga magoti, akachimba kwa vidole. Udongo ulikuwa na unyevu. Akauangalia, akawaangalia wao, akaurudia tena.

"Huu ni udongo wangu?"

"Ni wako, wifi," Mama Pacha akajibu.

Dada akainuka. Uso ulikuwa umembadilika. "Nisameheni. Nimekuja na mtu. Yule pale barabarani, mwenye jembe begani. Nilishamwahidi shamba."

Fundi akageuka, akatazama barabarani.

"Nakwenda kumwambia arudi kwao," dada akasema. "Shamba ni lenu. Yeye lake analo, ila anasema limekufa."

Mama Pacha akamtazama yule mtu, akamwangalia na wifi yake.

"Halijakufa," akasema. "Mwite aje."