Rundo Nyuma ya Jiko Langu

"Wifi, hivi maganda ya jikoni kwako yanaishia wapi?"

Hilo ndilo swali aliloniuliza wifi yangu siku moja, yeye akiwa upande wake wa ukuta na mimi upande wangu. Ni dada wa marehemu mume wangu, na ndiye jirani yangu. Ukuta wetu unanipita kichwa, kwa hiyo huwa tunasikilizana bila kuonana.

Mimi nina mgahawa mdogo wenye meza nne. Kila asubuhi mimi na binti yangu tunamenya ndoo mbili za viazi, tunachambua mboga na kukata vitunguu. Maganda yote tulikuwa tunayamwaga mtaroni.

"Mvua inayachukua," nikamjibu.

"Inampelekea nani?"

Niliona ananitafuta maneno. Lakini alikuwa na haki ya kuuliza. Mtaro ulikuwa umeziba, na kila mvua iliponyesha, maji machafu yaliingia katika nyumba za chini.

Mwezi uliofuata alikuja mtangazaji wa redio. Alikuwa na kipindi cha mazungumzo na watu wanaorekebisha mambo mitaani mwao. Hakuja kwangu, alikwenda kwa wifi. Wifi alikuwa mfagizi wa shule kwa miaka mingi, na katika bustani ya shule alijifunza kutengeneza mboji, yaani mbolea ya maganda na majani yaliyooza vizuri.

Kipindi kilirushwa saa saba mchana, mgahawa ukiwa umejaa. Fundi pikipiki, mteja wangu wa kila siku, akaongeza sauti ya redio.

"Huyu si wifi yako?" akaniuliza. "Mbona hukutuambia una mtu mkubwa hapo ukutani?"

"Kula, chakula kinapoa."

"Mama," binti yangu akaninong'oneza, "hayo maharage umeyatia chumvi mara mbili."

Nilikuwa nasikiliza. Wifi alikuwa anaongea taratibu, kama mtu aliyezoea kusikilizwa. Mimi nimelisha mtaa huu tangu nilipofiwa, na hakuna aliyeniletea kipaza sauti. Jioni nilipiga magoti nisali. Katikati ya sala nikajikuta nawaza watu waliopita getini kwake kumpongeza. Nikaomba msamaha kwa Mungu, nikaanza sala upya, nikawawaza tena.

Nikaamua kumpita kwa kutengeneza mboji yangu. Kumuuliza nilikataa katakata. Niligeuza ndoo, nikapanda juu yake, nikachungulia. Rundo lake la mboji lilikuwa limefunikwa nailoni nyeusi, naye alikuwa anachukua maji kwenye kopo, anayamimina juu.

Basi, nikashuka nikidhani nimeshajua kila kitu.

Nilianzisha rundo langu nyuma ya jiko. Nilitia maganda. Nilitaka liwe kubwa kuliko lake, kwa hiyo nikaongeza mifupa, maharage yaliyobaki na mafuta yaliyoganda. Maji ya kuoshea vyombo nikayamwaga humohumo. Kisha nikalifunika kwa nailoni, nikaibana pande zote kwa mawe.

Wiki ya tatu harufu ilianza kuingia hadi kwenye meza. Nzi wakaja, na panya nao wakaja. Fundi pikipiki akachukua sahani yake akasimama barabarani.

"Leo nitakula hukuhuku, mama. Humo ndani leo mnapika nini?"

Siku mbili baadaye bwana afya aliingia. Alilitazama rundo huku ameziba pua, akaandika karatasi na kunipa.

"Siku kumi na nne," akasema. "Nikirudi nikakuta hali hii, mgahawa naufunga."

Alipoondoka, binti yangu alikaa juu ya gunia la viazi.

"Mama, nenda kwa shangazi."

"Nikamwambie nini?"

"Mwambie tunanuka."

Nilikwenda, tena kwa kupitia getini. Nilimkuta wifi anageuza rundo lake kwa uma wa bustani. Halikunuka. Lilikuwa na harufu ya udongo tu. Nikamweleza yote.

"Nani alikufundisha hivyo?" akauliza.

"Nimeona kwa watu."

"Watu gani?"

Nikatazama chini. "Kwako. Nilichungulia."

"Kumbe. Nilikiona kitambaa cha kichwa juu ya ukuta, nikasema wifi siku hizi anaanika nguo juu sana." Akasimama wima. "Kwa nini hukuniuliza?"

"Si ulishakuwa mtu wa redio."

Hakucheka. Akachukua uma wake, tukaenda kwangu.

"Hapa kila kitu kimefungiwa hewa," akasema, akiivuta ile nailoni. "Rundo linapumua, wifi. Likikosa hewa ndipo linanuka. Mimi niliweka nailoni siku ile kwa sababu mvua ilikuwa inakuja. Siku nyingine nafunika kwa gunia."

"Na lile kopo?"

"Maji matupu, kwa sababu lilikuwa limekauka. Maji ya vyombo yana mafuta. Nyama, mifupa na chakula kilichopikwa havitiwi. Hivyo ndivyo vinavyoita panya."

Tulivaa mifuko mikononi, tukatoa mifupa na mabaki yote. Tukachimba shimo refu mbali na jiko, tukayafukia. Kisha wifi akamtuma binti yangu kwa seremala, akaombe magunia ya maranda ya mbao. Sisi tukakusanya majani makavu.

"Ndoo moja ya maganda, ndoo mbili za vitu vikavu," akasema. "Changanya. Sasa chota konzi moja uikamue."

Nikakamua. Maji yakachuruzika.

"Limelowa mno. Ongeza vikavu. Konzi ikae kama kitambaa kilichokamuliwa, kina unyevu lakini hakidondoshi. Na uligeuze mara mbili kwa wiki. Baada ya miezi mitatu au minne utakuwa na mbolea."

Alikuja kila siku. Siku ya tano nilitia kijiti katikati ya rundo, nikakitoa kina joto, na wifi akasema hiyo ni dalili kwamba linaoza vizuri. Siku ya kumi harufu ilikuwa imekwisha, na nzi wamepungua. Maganda hayakwenda tena mtaroni, na mimi na binti yangu tukauzibua ule mtaro kwa majembe. Fundi pikipiki akarudi mezani.

"Wifi yako ni mtu wa maana sana," akasema.

Nilimkatia nyama ndogo siku hiyo. Mungu anisamehe.

Siku ya kumi na nne bwana afya alirudi. Wifi alikuwa nyuma ya jiko anageuza rundo. Bwana afya alichota konzi, akanusa, akazunguka jiko lote, akatazama mtaro.

"Mgahawa uendelee," akasema. "Na nani amefanya kazi hii? Nina mkutano na wenye migahawa wote. Namtaka mtu huyo akawafundishe."

Wifi hakuinua kichwa. Binti yangu alinikodolea macho. Neno "mimi" lilikuwa tayari mdomoni mwangu, limevaa mpaka viatu. Rundo ni langu, jiko ni langu, na mkutano una watu wengi.

"Ni huyu hapa," nikasema. "Wifi yangu. Mimi nilimwonea wivu. Nilichungulia badala ya kuuliza, ndiyo maana nikaharibu."

"Basi mje wawili," akasema bwana afya. "Yeye aeleze jinsi ya kutengeneza, wewe ueleze jinsi ya kuharibu."

Wifi aliusimamisha uma. Akajifuta macho kwa ncha ya kitambaa chake, kama mtu aliyeingiwa na vumbi.

"Upande huu bado haujageuzwa," akaniambia. "Umalize kabla ya mkutano wetu."

Akanikabidhi uma mkononi, akapita katikati yetu, akarudi kwake.