Dakika ya Kumi na Moja

Kompyuta mbovu huzima ovyo: leo baada ya saa nzima, kesho baada ya dakika mbili. Ile ya Kizito pale Malaba ilikuwa na adabu zake. Ilizima dakika ya kumi na moja, mchezo uwe mzito au mwepesi, mtu awepo au asiwepo. Aidah alikuwa fundi wa kompyuta mjini Busia kwa miaka tisa, na hakuwahi kuona ubovu unaotazama saa.

Chumba cha gemu cha Kizito kilikuwa ndani ya kontena kuukuu kando ya barabara, mahali foleni ya malori huganda siku mbili tatu ikingoja kuvuka kwenda Uganda. Wateja wake walikuwa madereva wa foleni hiyo. Na walicheza nini? Gemu ya kuendesha lori! Mtu ametoka Mombasa, mgongo umekufa ganzi, anashuka kwenye lori lake na kuingia kwa Kizito kuendesha lingine. Binadamu tuna mambo.

"Boss, nimebadilisha hadi power cable," Kizito alimwambia. Alikuwa mtu mwembamba, mcheshi, mwenye shati la mistari ya kijani. "Wapi! Ikifika tu hiyo time yake, inaenda."

Aidah aliketi, akaihamishia mausi upande wa kulia. Kizito akacheka, akairudisha kushoto. "Hapa kila kitu ni left, boss. Hata chai mimi nakunywa na left. Bibi yangu amechoka kunigombeza."

Ilikuwa saa sita mchana na kontena lilikuwa limepata moto kama sufuria, kwa hiyo Aidah alishuku joto kwanza. Akagusa ubavu wa mashine. Ulikuwa baridi, baridi ya kuuma vidole. Akabadilisha memori, ikazima dakika ya kumi na moja. Akaweka pawa saplai aliyokuja nayo, ikazima dakika ya kumi na moja. Safari ya tatu alisogeza uso karibu na feni, akasikia harufu ya udi.

Alipofungua kifuniko aliona chanzo. Nyuma ya feni ya mbele palikuwa pamebanwa kifurushi cha kitambaa cheusi, kimeshonwa kwa uzi mweusi pande zote. Hirizi. Aidah karibu acheke. Nani Busia hajui dawa ya wateja? Alikuwa ameziona chini ya mizani za samaki, ndani ya droo za maduka, hata kwenye kiti cha boda boda. Kizito naye ameweka ya kuvuta madereva, akaiweka pabaya, ikaziba upepo. Hakutaka kumwaibisha. Kizito alipogeuka kujibu salamu ya mtu nje, Aidah alikichomoa kile kifurushi na kukitia mkobani.

"Ilikuwa uchafu tu, umeziba feni," akasema. "Kaa uijaribu."

Kizito alivaa hedifoni, mkono wa kushoto ukashika mausi, lori likaondoka. Dakika ya kumi ilipita. Ya kumi na moja. Ya kumi na mbili. Mashine ilinguruma vizuri, na Aidah alianza kukusanya bisibisi zake, moyo mweupe, akifikiria chakula cha mchana.

Hapo mlango wa kontena ukajifunga.

Haukufungwa na upepo, kwa kuwa upepo haukuwepo. Ulikuja polepole, chuma kikisaga chuma, na nje komeo zito la chuma likashuka mahali pake. Ndani ukabaki mwanga wa skrini peke yake. Harufu ya udi ilikatika ghafla, ikaja ya nywele zilizoungua.

"Kizito," Aidah alisema. "Mlango."

Kizito hakugeuka. Alikuwa ameinama mbele ya skrini, akinong'ona kwenye kinasa sauti cha hedifoni kama mtu anayemkaribisha mgeni wa heshima. "Karibu. Karibu ndani. Pita tu."

Aidah alisukuma mlango kwa bega, akaupiga kwa viganja mpaka vikawaka moto, akaita, lakini nje malori yalikuwa yamewashwa kusogea na honi zilimeza kila neno. Akajaribu kusoma Ayatul Kursi, aya anayoijua tangu utotoni, ikamponyoka katikati. Alirudi gizani akipapasa ukuta, akaushika waya wa umeme na kuung'oa, akabaki na plagi mkononi huku skrini ikiendelea kuwaka na feni ikiendelea kuzunguka, na sasa ile feni ilikuwa ikivuma kwa kupanda na kushuka, kwa kuvuta na kuachia, hata akaelewa kwamba anachokisikia ni pumzi, na kwamba pumzi ile imeshatoka ndani ya mashine na iko kati yake na Kizito.

Mtu alibisha nje. "Kizito? Mbona mmejifungia?" Ilikuwa sauti ya Milka, mke wa Kizito, aliyekuwa ameleta chai.

Aidah alibandika mdomo kwenye mwanya wa mlango. "Dada, tufungulie! Mimi ndiye fundi!"

"Hii chuma imekataa. Imeshikana." Kisha sauti ya Milka ikashuka. "Fundi, kuna kitu umetoa ndani ya hiyo mashine?"

"Nimetoa hirizi. Nilidhani ni ya wateja."

"Uuwi! Ni mimi niliweka!" Milka alianza kulia chini chini. "Kizito hajui. Alikuwa anaongea na mtu kwa hiyo headphone usiku na mchana, hakuli, hanijui. Nikaenda kwa Maalim Abdulaziz, akaniambia niweke hapo. Hicho kitu kikitaka kutoka, mashine inazima. Kuzima ndio kufuli yenyewe, dada! Irudishe! Maalim alisema inafunga yule ako ndani ya mashine."

Aidah alitambaa hadi kwenye mashine. Bisibisi ilianguka mara mbili, na kando ya sikio lake Kizito alikuwa sasa ananyamaza kwa zamu, kama anayesikiliza na kujibiwa. Akakisukuma kifurushi nyuma ya feni. Skrini ikazima. Komeo likaachia, mlango ukafunguka, mchana ukaingia.

Kizito alivua hedifoni, akanyoosha shingo. "Pole, boss," akasema, akatabasamu. Milka alimkumbatia palepale mlangoni, akilia na kucheka.

Aidah alitaka kukimbia. Lakini fundi haondoki bila kuiwasha mashine mara moja zaidi mbele ya mwenyewe, ndivyo alivyofundishwa. Akachomeka waya, akabonyeza.

Gemu ilifunguka kwenye foleni ya malori, marefu, hayasogei. Katikati yake alikuwa akikimbia mtu mwembamba. Alikuwa na shati la mistari ya kijani. Alikuja mbele, mbele zaidi, mpaka uso wake ukajaa kioo, akaanza kugonga. Hedifoni mezani zikalia ko, ko, ko. Alikuwa akigonga kwa mkono wa kushoto.

"Boss," hedifoni zilisema kwa mbali. "Boss, ni mimi. Nifungulie. Milka ako na nani hapo nje?"

Aidah alimtazama akigonga kwa dakika zote zile kumi na moja, mpaka skrini ikazima yenyewe.

"Imezima?" Milka aliuliza kutoka nje, hakuthubutu kuingia.

"Imezima," Aidah alisema.

"Asante Mungu! Inazima tena! Basi kimefungwa!" Milka alimimina chai, akampa mumewe kikombe.

Mumewe alikipokea kwa mkono wa kulia. Akanywa taratibu, amesimama mlangoni akimwangalia Aidah na bisibisi yake, mkono wa pili ukiwa juu ya komeo la chuma.

"Umefanya kazi nzuri, fundi," akasema. "Usiifungue tena."