Jicho la Kutazamia

Doa jeusi lilionekana kwenye picha ya kwanza kabisa, na Mwalimu Ausi wala hakushtuka. Jua lina madoa yake. Huyu alikuwa mtu wa vipimo. Ukimwambia mvua imenyesha, atakuuliza milimita ngapi.

Darubini ya jua ilisimama uani kwake, Mkange, na kichungi chake mbele. Alichomoa kioo cha kuchungulia, akaweka kamera mahali pake, akakaza skrubu. Kisha akaizungusha kamera kidogo. Kama doa ni vumbi la kamera, lingebaki palepale pichani. Kama ni la jua, lingehama. Doa hili lilifumba. Kwenye picha ya tano lilikuwa limefumbua, na lilikuwa na kope. Bomba la darubini likaanza kunukia udi.

Alicheka peke yake, cheko la mtu anayeogopa kukiri.

Siku ya tatu, saa saba mchana, jua la utosi, alitambua kwamba doa halimo tena pichani bali limo katika jicho lake la kulia, jicho ambalo hakuwahi kuliweka kwenye darubini, na kila alipopepesa lilikua, likameza mlango, likameza uso wa mkewe Zuhura aliyekuwa akimwita, hata mwalimu wa fizikia akajishika ukutani akiogopa kwamba kesho hatausoma ubao wake mwenyewe.

Alimfuata mama yake jikoni, akipapasa njia.

"Mama, ulikigusa chombo changu?" alinong'ona.

Bi Mwanajuma aliinamisha kichwa. Kitu kipya hakikuingia nyumbani kwake bila kufukizwa. Hata pikipiki ya Ausi ilifukizwa, ikapiga chafya siku mbili.

"Nilikifukiza, baba. Ubani uliniishia, nikachukua udi wa marehemu bibi yako."

"Udi si udi tu?"

"Ule ni wa ruhani, pepo wake. Bibi alikuwa kiti chake. Akimpanda, anatazama dunia kwa macho yake. Tangu tumzike bibi, hatujampa kiti kingine. Nimemfukizia darubini, amekaa. Nawe umemzibia kwa kamera. Anataka jicho la mtu."

"Ndilo langu hili analolichukua?"

Bi Mwanajuma alijifunga kanga kiunoni, akatoka kwenda uani.

"Mama, usiguse," Ausi alisema nyuma yake. "Tumwite mganga."

"Mganga akifika kutoka Msata, utakuwa kipofu. Udi nimechoma mimi."

Alifungua skrubu kama aliyezifungua maisha yake yote. Aliitoa kamera, akaipakata mkononi, akainama, akaweka jicho kwenye bomba la darubini.

Harufu ya udi ikakatika. Katika jicho la Ausi giza likarudi nyuma taratibu, mlango ukaonekana, Zuhura akaonekana, hata maandishi ya kanga ya mama yake aliyasoma herufi kwa herufi kutoka pale alipo. Alitaka kulia kwa furaha.

"Mama, naona."

Bi Mwanajuma aliinua kichwa. Alimtazama mwanawe kuanzia miguuni, polepole, kama mtu aliyeazimwa macho na anayajaribu.

"Mama yako amenipisha," alisema. "Huniamkii?"

Zuhura alimshika mumewe mkono. Ausi alitazama uso ule aliouzoea tangu kuzaliwa, akaona wazi kila mkunjo wake.

"Shikamoo," alisema.

"Marahaba," ikamjibu sauti ya mwanamume.