Theluji ya Oktoba

Maundu na mkewe Phylis waliishi Kitengela. Maundu alifanya kazi katika kiwanda cha saruji, na Phylis alikuwa fundi wa nguo. Kwa miaka mingi walitamani kupanda Mlima Kenya. Mwaka wa 1998 walikubaliana kwenda Agosti.

Agosti ikaja na baridi. Maundu alisema kama Kitengela ni hivi, mlimani itakuwaje? Heri wangoje Oktoba, jua liwake. Hesabu hiyo inafaa mtu wa kuanika mahindi, si wa kupanda mlima.

Oktoba walipanda na Muturi, kiongozi wa wapandaji. Aliwaonya kwamba mvua iko karibu, na akisema wageuke, watageuka. Maundu aliitikia upesi ili maneno yaishe.

Karibu na kilele, mvua ilianza, ikageuka theluji. Jinzi na sweta ya pamba ya Phylis zikalowa chepechepe. Alitetemeka, kisha akaanza kujikwaa na kuongea kama mlevi.

"Tunarudi," Muturi alisema.

"Tumebakisha kidogo tu," Maundu akajibu.

"Mzee, angalia mama. Hawezi hata kufunga kifungo. Mwili ukipoa hivi, mtu anakufa akitembea. Huku juu usiogope baridi ya Agosti. Ogopa mvua ya Oktoba na Novemba, hiyo ndiyo inaleta theluji."

Maundu alimshika mkewe mkono. Phylis akamwita kwa jina la kaka yake. Hapo Maundu aliingiwa na hofu kuu.

Walimshusha hadi kwenye kibanda cha wapandaji. Walimvua nguo zilizolowa, wakamvika kavu za Muturi, wakamfunika blanketi. Muturi alikataza kumsugua au kumpa pombe. Alipoweza kumeza vizuri, walimpa chai moto yenye sukari. Baadaye Phylis aliuliza kama binti yao Kalunde amekula huko nyumbani. Maundu alilia.

Walirudi Februari iliyofuata, wakati wa kiangazi. Walivaa sufu na makoti ya mvua, na nguo za kubadilisha zilikuwa ndani ya mifuko ya nailoni. Kabla ya kilele, Maundu aliumwa na kichwa kwa uhaba wa hewa, akatapika. Hakungoja kuambiwa ageuke. Alimwomba mkewe aendelee na Muturi, naye akashuka na mpagazi aliyewabebea mizigo.

Phylis alifika juu. Siku hizi watu wakimuuliza Maundu kama alifika kileleni, hujibu bila haya:

"Mke wangu alifika. Mimi nilirudi mzima."