Ulikwisha Asubuhi Hii

Siku ya kwanza karani alimfokea. Foleni ya masjala ya mahakama, Divisheni ya Mazingira, ilikuwa imefika ngazini, na mwanamume mmoja mwenye shati la bluu lililopauka akatua juu ya kaunta boksi la chupa za maji meusi yanayonuka.

"Kaka, hapa tunapokea karatasi," karani akasema, ameziba pua kwa ncha ya mtandio wake wa njano.

"Samahani, dada. Nimeambiwa kila kitu kinaanzia kwako."

"Nani kakuambia?"

"Hakuna. Nimekuona tu, nikaamini."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Karani hakutaka kucheka, akacheka.

Mwanamume yule alikuwa mpima maji wa maabara. Divisheni ile mpya, jaji mmoja na vyumba viwili, ilisikiliza kesi za mito, misitu na moshi tu, basi akawa haishi kuitwa kutoa ushahidi. Wakaanza kunywa chai pamoja, na chai ikazaa simu.

"Umekula, Bibi Masjala?"

"Usiniite hivyo."

"Nikuite nani?"

"Niite wako."

Miezi minne ikapita. Jambo moja karani hakumwambia: kiwanda cha ngozi kilichoshtakiwa kwa kuua mto ndicho baba yake alichokitumikia miaka ishirini na sita.

Siku mpima maji alipotoa ushahidi wa kesi hiyo, karani alikuwa amesimama karibu na jaji, jalada mkononi. Wakili wa kiwanda akainuka.

"Shahidi, una uhusiano na karani yule?"

"Nilikuwa nao," akajibu mpima maji. "Ulikwisha asubuhi hii."

Karani alikuwa hajaambiwa.

"Na unajua baba yake ni mfanyakazi wa kiwanda hiki?"

Mpima maji akageuka, akamtazama. "Sikujua."

Ganzi ikampanda karani toka vidoleni. Alirudi masjala, akagonga mihuri mpaka saa ya kufunga. Simu iliita mara kumi na moja, aliitazama ikiita. Hakulia. Alitafuta hasira, hakuiona.

Jaji alikifunga kiwanda mpaka kiweke mtambo wa kusafisha majitaka. Baba akabaki nyumbani, kucha zake zimeiva rangi ya ngozi za kiwandani.

"Yule shahidi ndiye wako?" akauliza.

"Alikuwa."

"Alisema uongo?"

"Hapana, baba."

Mzee akazitazama kucha zake. "Koki ya majitaka ya kwenda mtoni nilikuwa naifungua mimi, mwanangu. Kila Ijumaa."

Kesho yake simu ilipoita, karani akapokea.

"Nilijua wataniuliza," mpima maji akasema. "Kusema tupo pamoja, ripoti yangu ya maji ingetupwa na wewe ungepoteza kazi. Kukana, ningekuwa nimeapa uongo. Basi asubuhi ile, kwenye ngazi za mahakama, nikakuacha moyoni mwangu, ili iwe kweli."

"Hukunipigia asubuhi ile kuniambia."

"Niliogopa sauti yako. Na wewe hukuniambia habari za mzee."

"Sikukuambia."

Karani akasogea dirishani, simu sikioni.

"Nataka nikuoe," mpima maji akasema.

Karani alingoja moyo uruke. Haukuruka. Nje ya dirisha mtu alikuwa akianua nguo, shati moja baada ya jingine, na yeye akazihesabu mpaka kamba ikabaki tupu.

"Sisikii kitu," akasema. "Lakini sijasema hapana."

"Nisubiri?"

"Njoo Jumapili. Mweleze baba yale maji yalikuwa na nini. Atauliza yote, usimfiche hata moja."

"Na wewe?"

"Nitakaa upande wako," akasema, kisha akashangaa kusikia ameshasema.